Wingu la Kericho Hushika Nini?

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, asubuhi huanza na ukungu uliolalia vichaka. Ifikapo adhuhuri jua huwa limeufukuza, na kufikia saa tisa alasiri mbingu ya upande wa Ziwa Viktoria huwa nyeusi tii. Mara nyingi kinachofuata ni mvua tu, na mvua ndiyo inayoikuza chai. Siku nyingine hushuka mawe. Dakika kumi zinatosha kulichanachana shamba zima, na vichaka vilivyopigwa huchukua wiki kadhaa kabla ya kutoa tena majani mawili na chipukizi yanayotakiwa kiwandani. Vitabu vya hali ya hewa huitaja Kericho, pamoja na jirani yake Nandi, miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Hesabu inayorudiwa sana ni siku 132 kwa mwaka kwa eneo zima.

Sababu ya kwanza ni ziwa lenyewe. Mchana, upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hukutana na upepo wa mashariki juu ya miinuko, na hewa hiyo haina njia nyingine ila kupanda. Sababu ya pili ni kimo. Katika ukanda huu wa ikweta, maji huanza kuganda angani kwenye kimo cha karibu mita 4,700 kutoka usawa wa bahari. Jiwe la barafu linaloangukia Mombasa lazima lipite hewa ya joto ya kimo hicho chote, nalo huyeyuka njiani. Kericho iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo safari hukatwa karibu nusu na jiwe hufika likiwa bado jiwe.

Lakini kuna swali ambalo ziwa na kimo havilijibu: ndani ya wingu, tone huanzaje kuwa barafu? Historia ya kulitafuta jibu la swali hilo imepita Kericho. Imepita pia katika chombo ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kukitengeneza mezani ili aione mionzi kwa macho yake. Njia hizo mbili ni ndugu wa karibu kuliko inavyodhaniwa.

Chai ya kibiashara ilifika Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni ilikuwa imegawa sehemu ya ardhi hiyo kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao walijaribu kulima kitani wakashindwa. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai. Mwaka 1934 serikali hiyohiyo ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi walioaminika kuona yajayo. Walipelekwa Gwassi, kando ya ziwa, mbali na baridi ya kwao. Mwaka 1951 kituo cha utafiti wa chai cha Afrika Mashariki kilianzishwa Kericho, na baada ya uhuru wakulima wadogo wakaanza kupanda chai yao kwa wingi, hadi ndani ya Bomet, iliyokuwa bado sehemu ya wilaya ya Kericho. Wenye mashamba walibadilika kwa kiasi fulani. Mawe yalimpiga kila mmoja bila kuuliza hati.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, mashamba ya Kericho yalianza kuyapiga mawingu kwa roketi. Hizi hazikuwa roketi za kubeba kemikali za ajabu, zilikuwa za baruti. Zilirushwa kuelekea kwenye wingu jeusi na kulipuka humo. Fikra yenyewe ilikuwa ya kizamani. Mwaka 1896 mkulima wa zabibu wa Austria, Albert Stiger, alikuwa amewatia watu wa kwao wazimu wa kuyapigia mawingu mizinga, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 wakulima wa Italia walikuwa na maelfu ya mizinga hiyo. H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki alilifuatilia jaribio la Kericho kwa miaka minne na kuandika habari zake katika jarida la Weather mwaka 1966. Palisimuliwa mawe yaliyofika chini yakiwa laini, kama barafu iliyopondwa. Shida ni kwamba mvua ya mawe haina nidhamu: huchapa shamba moja na kuliacha la pili. Ukirusha roketi na mawe yasianguke, huwezi kuapa kwamba ni roketi iliyoyazuia.

Aliyekuwa na ufunguo wa jinsi tone linavyozaliwa hakuwahi kujishughulisha na chai. Charles Thomson Rees Wilson alizaliwa mwaka 1869 Glencorse, Uskochi, mtoto wa mfugaji wa kondoo. Septemba 1894 alikaa wiki mbili katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa juu ya mlima Ben Nevis, mita 1,345, pahali penye ukungu usiokwisha. Jua lilipochomoza juu ya ukungu aliona pete za rangi zikikizunguka kivuli chake. Mtu aliyewahi kusimama asubuhi kwenye ukingo wa shamba la Kericho, jua likiwa mgongoni na ukungu mbele, ana nafasi ya kuona kitu hichohicho. Wilson aliporudi Cambridge alitaka kutengeneza ukungu wake mwenyewe ndani ya chupa.

Alijifunza kupuliza vioo na akajitengenezea vyombo kwa mikono yake. Kanuni ilikuwa nyepesi: hewa yenye unyevu ikipanuliwa ghafla hupoa, na mvuke uliozidi hutafuta pa kushika ili uwe tone. Kwa kawaida hushika vumbi. Wilson akaliondoa vumbi lote. Hapo palipaswa kuwa kimya, lakini alipoipanua hewa kupita kiasi fulani, kama robo moja zaidi ya ujazo wake wa awali, matone machache yalitokea kila mara. Kulikuwa na kitu humo ambacho hakuweza kukichuja. Mwaka 1896, miezi michache baada ya Röntgen kutangaza eksirei, Wilson aliielekeza miale hiyo kwenye chupa yake na matone yakawa ukungu mzito. Mvuke ulikuwa ukishika ioni, yaani chembe za hewa zilizopokonywa au kuongezewa elektroni na mionzi.

Miaka 15 ilipita kabla hajafika mwisho wa wazo hilo. Mwaka 1911 alipiga picha ya njia ya chembe moja moja: chembe ya alfa inapopita hewani huacha maelfu ya ioni nyuma yake, mvuke hushika kila ioni, na mstari mweupe hujichora pale ilipopita. Chembe yenyewe haionekani, ila njia yake inaonekana. Wilson alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927, pamoja na Arthur Compton. Mwaka 1932 Carl Anderson aliona katika chemba ya namna hiyo mstari uliopinda upande usiotarajiwa, na hivyo akaigundua positroni.

Hapa inafaa kuweka mpaka, maana kuna wanaosikia habari hizi na kuruka hadi kudai kwamba mionzi ndiyo inayoleta mvua. Ili mvuke wa maji ushike ioni, hewa inapaswa kubeba kama mara nne ya unyevu unaoistahili. Wingu halisi halifiki karibu na hapo, kwa sababu hewa ya nje ina vumbi, moshi na chumvi, na mvuke hushika hivyo kwanza. Tone la mvua la Kericho halihitaji mionzi. Linahitaji uchafu.

Barafu nayo ina uchaguzi wake. Maji safi angani yanaweza kubaki majimaji hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri yasipopata kitu cha kuyafundisha kuganda. Mwaka 1946 Vincent Schaefer, fundi wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, alichukua friza ya nyumbani, akaitandika mahameli meusi ndani, akaweka taa ya kumulika, akawa anapuliza pumzi yake humo. Pumzi iligeuka ukungu, lakini haikuganda. Siku moja ya Julai, friza iliposhindwa kupoa vya kutosha, alitumbukiza kipande cha barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, na papo hapo sanduku likajaa chembe za barafu zinazometameta. Novemba mwaka huo alimwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege juu ya mlima Greylock, na wingu likaanza kutoa theluji. Mwezi huohuo mwenzake Bernard Vonnegut aligundua kwamba iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinafanana kwa umbo na zile za barafu, inafanya kazi hiyo bila kuhitaji baridi kali namna ile.

Sanduku, kitambaa cheusi, taa ya pembeni, barafu kavu. Mtu akiorodhesha vifaa vya Schaefer atakuwa ameorodhesha karibu vifaa vyote vya chemba ya mionzi ya kutengenezwa nyumbani.

Kericho iliyapokea matunda ya friza hiyo mwaka 1967. Kampuni ya Atmospherics Incorporated ya Fresno, California, chini ya Thomas Henderson, ilianza kurusha ndege kwa niaba ya mashamba ya chai ya Kericho na Nandi. Ndege hizo zilifuata mawingu yanayokua na kuyapandia iodidi ya fedha, na kazi iliendelea hadi miaka ya 1970. Nadharia ilikuwa hivi: maji ndani ya wingu yakigawanywa kwa mbegu nyingi, kila mbegu hupata kidogo, na badala ya mawe makubwa machache huanguka chembe ndogo nyingi zinazoyeyuka njiani. Henderson aliripoti kwamba hasara ilipungua. Wanasayansi waliuliza swali lilelile lililoulizwa kuhusu roketi, kwa sababu mpango ule ulikuwa wa biashara na hakuna mawingu yaliyoachwa kwa kura ili yalinganishwe na yaliyopandiwa. Ni vigumu kumlaumu meneja wa shamba. Aliyelipa fedha ili chai yake iokolewe hawezi kukubali nusu ya mawingu yaachwe yampige kwa ajili ya takwimu.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa nchi, palikuwa na chombo kingine cha kunasa mionzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Iliitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo ni ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vilitegemea ioni, kama chupa ya Wilson, ila ioni zilihesabiwa kwa umeme badala ya ukungu. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Tuirudie chai, maana sehemu tamu zaidi ya historia hii ilitoka chini ya vichaka vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Russell Schnell na Gabor Vali, wakifanya kazi Wyoming, walionyesha kwamba majani yanayooza yana uwezo mkubwa wa kugandisha maji, kuliko vumbi la kawaida. Mwaka 1974 Leroy Maki na wenzake waligundua kwamba bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, anayeishi juu ya mimea, huyagandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Schnell akaja Kenya. Katika mashamba ya magharibi mwa nchi, ardhi chini ya vichaka imefunikwa na takataka za majani makavu ya chai, na kila siku maelfu ya wachumaji hupita kati ya mistari wakizikanyaga na kuzitibua, huku hewa ya mchana ikipanda. Mwaka 1982 yeye na S. N. Tan-Schnell walichapisha katika jarida la Tellus kwamba takataka za chai ya Kenya ni chanzo cha mbegu za barafu. Kwa maneno mengine, ilikuwepo uwezekano kwamba shamba la chai huchangia kutengeneza mawe yanayolipiga.

Wazo hilo halijawa hukumu. Ziwa na kimo vilikuwepo kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa, na mawe pia. Lakini baada ya roketi na ndege, ni jambo la kufikirisha kwamba mbegu iliyotafutwa huko juu huenda ilikuwa ikitibuliwa na viatu vya mchumaji.

Sasa sanduku la kuonea mionzi. Chupa ya Wilson ilionyesha mionzi kwa sekunde tu kila ilipopanuliwa. Mwaka 1939 Alexander Langsdorf alieleza chemba isiyohitaji kupanuliwa, na hiyo ndiyo inayotengenezwa leo shuleni na majumbani. Huchukuliwa sanduku la kioo au plastiki angavu, na sehemu yake ya juu hubandikwa kitambaa kizito kilicholoweshwa spiriti kali isiyo na maji mengi. Chini huwekwa bamba la chuma jeusi juu ya vipande vya barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Mvuke wa spiriti hushuka kutoka juu kwenye joto, hufika chini kwenye baridi, na sentimita moja au mbili juu ya bamba panakuwa na mvuke uliozidi, ukingoja pa kushika. Tochi humulika kwa pembeni, taa za chumba huzimwa. Baada ya dakika kumi hivi ukungu hutulia na mistari huanza kujichora.

Barafu kavu nchini si ya kuagizwa ng'ambo. Kampuni ya Carbacid huvuna kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini huko Kereita, Kiambu, na kuiuza kwa viwanda vya soda na wahifadhi wa vyakula. Barafu hiyo lazima ishikwe kwa glavu, madirisha yawe wazi kwa kuwa gesi yake hufukuza hewa, na moto uwe mbali na spiriti. Mwalimu asiyesimamia hayo asianze.

Mistari huwa ya aina tatu. Mifupi na minene ni ya alfa, inayokwenda sentimita chache tu hewani. Myembamba inayojipinda kama mlevi ni ya elektroni. Ile mirefu iliyonyooka ni ya myuoni, chembe zinazozaliwa juu angani pale mionzi kutoka nje ya dunia inapogonga hewa. Wilson mwenyewe alikaribia kuigundua mionzi hiyo. Mwaka 1901 alipima ioni usiku ndani ya handaki la reli huko Uskochi akitaka kujua kama zinapungua chini ya mwamba, hazikupungua, akaliacha wazo. Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 mwaka 1912 na kulithibitisha. Kericho inavutwa pande mbili katika jambo hili: kimo chake huongeza myuoni, lakini kuwa karibu na ikweta huzipunguza, kwa kuwa hapo ndipo usumaku wa dunia unapozuia chembe nyingi zaidi za kutoka angani.

Hakuna haja ya kutafuta madini ya hatari ili kuijaza chemba. Zamani utambi wa kitambaa wa karabai ulikuwa na thoriamu, ndiyo iliyoupa mwanga mweupe. Wa siku hizi kwa kawaida hauna, na wa zamani usipondwe wala kuchomwa, maana vumbi lake halifai kuvutwa. Mbolea ya chai ya NPK yenyewe ina unururifu kutokana na potasiamu: katika mfuko wa kilo 50 wa 26:5:5, zaidi ya atomu 60,000 za potasiamu hupasuka kila sekunde. Hata hivyo mfuko hauingii kwenye sanduku, na punje chache hutoa mistari ya kuhesabika. Njia bora ni puto. Likisuguliwa kwa sufu na kuning'inizwa nusu saa katika chumba kilichofungwa, umeme wake huvuta watoto wa radoni, yaani atomu zinazobaki radoni, gesi inayotoka kwenye mawe na udongo, inapopasuka. Likitolewa hewa na kuwekwa ndani ya chemba, hutoa mistari minene ya alfa pande zote.

Kericho ina njia nyingine iliyo rahisi zaidi, na ni Wilson tena aliyeifungua. Mwaka 1902 aliyachemsha maji ya mvua iliyotoka kunyesha hadi yakauka, na akakuta masalio yake yana unururifu ambao nusu yake hupotea kwa takriban nusu saa. Mvua huosha watoto haohao wa radoni kutoka hewani na kuwashusha. Kwa hiyo mvua ya saa tisa ikikatika, mwanafunzi anaweza kufuta boneti ya gari au bati kwa karatasi laini, akaikausha haraka na kuiweka chini ya kioo. Asikawie. Ikifika jioni karatasi hiyo haina tofauti kubwa na nyingine yoyote, na itabidi asubiri mvua ya kesho.